Picha ya bibi gizani: dirisha kwanza, kahawia mwisho

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mpiga picha mdogo hapa Tanga, nina miaka miwili kwenye kazi, zaidi harusi na mahafali. Bibi yetu anatimiza miaka 80 na familia imeniomba nimpige picha moja kubwa ya kutundika sebuleni. Nataka ule muonekano wa zamani: uso unatoka gizani, rangi ya kahawia, picha ina uzito. Nimejaribu. Nilimkalisha sebuleni, nikawasha softboksi (taa iliyofunikwa boksi la kitambaa cheupe) pembeni ya kamera, kisha nikaweka filta ya sepia kwenye simu. Uso umetoka kama udongo, macho hayaonekani, na mama amesema nimemfanya bibi aonekane hajaoga. Nina kamera ya Canon, lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 na flashi moja. Nimekosea wapi?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Mama yako ameona sawasawa, na umshukuru kwa kukwambia. Wateja wengi wakiona picha ya namna hiyo hunyamaza, wakalipa, kisha hawarudi.

Umekosea mara mbili, na kosa la kwanza ndilo lililozaa la pili. Softboksi iliyokaa pembeni ya kamera inammulika mtu kutoka mbele. Mwanga wa mbele unafuta vivuli, na vivuli ndivyo vinavyotuonyesha kwamba pua imesimama, shavu limebonyea, paji lina mikunjo yake. Tena sebule zetu nyingi zimepakwa nyeupe au krimu. Mwanga ukishampata bibi unaruka ukutani, darini na kwenye vigae, unamrudia kutoka kila upande. Kabla hujaweka filta yoyote tayari ulikuwa na picha ya pasipoti iliyopooza. Kisha ukaimwagia kahawia. Ngozi ya bibi yenyewe ni ya kahawia, ukuta ukageuka kahawia, weupe wa macho ukageuka kahawia. Hakikubaki cha kuutenga uso na ukuta. Huo ndio uchafu alioona mama.

Kwa hiyo siku ya kazi utaanza na mwanga, na kahawia itaingia mwisho kabisa. Ila ngoja kwanza nikueleze kahawia hiyo ilipatikanaje zamani, kwa kuwa ukishajua hutaitamani tena filta ya kubonyeza mara moja.

Sepia ni jina la Kigiriki la dome, yule jamaa wa ngisi na pweza ambaye wavuvi wa kwenu wanamjua kwa wino wake. Wachoraji wa Ulaya walikuwa wakiutumia wino huo kuchorea, hasa kuanzia mwishoni mwa karne ya 18. Picha za kamera zilirithi jina tu, wino wa dome haumo. Picha ya karatasi ya nyeusi na nyeupe imejengwa kwa chembe za fedha, madini yale yale ya pete na vikuku. Ili kuigeuza kahawia, fundi aliizamisha kwenye dawa ya kwanza, mchanganyiko wa potasiamu ferisianidi na potasiamu bromidi, picha ikafifia hadi karibu ipotee. Akaisuuza, akaizamisha kwenye dawa ya pili yenye sodiamu salfaidi, na picha ikarudi mbele ya macho yake ikiwa ya kahawia, kwa kuwa fedha imekuwa salfaidi ya fedha. Salfaidi hiyo haishambuliwi upesi na hewa chafu kama fedha tupu, na ndiyo sababu picha zilizotiwa dawa hii vizuri zimedumu sana. Mimi nilijifunza kazi kwenye studio yenye chumba cha giza. Dawa ya pili tulikuwa tunaifanyia uani, maana mvuke wake unaharibu karatasi za picha ambazo hazijatumika, na harufu yake ni ya yai viza. Hata leo nikiisikia popote naikumbuka ile beseni nyeupe na uso wa mtu unaorudi polepole kutoka kwenye weupe.

Sasa shika jambo hili. Dawa ya kwanza haili picha yote kwa mpigo. Inaanza na sehemu nyepesi, inaingia za kati, na weusi mzito unaliwa mwisho. Fundi mzoefu aliitoa karatasi mapema, kabla dawa haijafika kwenye weusi. Paji na mashavu yakapata kahawia yenye joto, vivuli vikabaki vyeusi. Weusi ule uliobaki ndio unaoipa picha uzito unaoutafuta. Filta ya simu inapaka kila kitu kwa brashi moja: nyeusi inakuwa chokoleti, nyeupe inakuwa chai ya maziwa, na picha inakosa sakafu na dari.

Na picha za kahawia za zamani zaidi, zile za karne ya 19, nyingi hazikupitia dawa hiyo kabisa. Zilisafishwa kwenye karatasi ya albumini, yaani ute mweupe wa yai, njia iliyotangazwa na Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard mwaka 1850, na kahawia yake ilitoka humo humo. Nyingine ni za njano kwa sababu zimechakaa tu. Usiige kuchakaa.

Ukitaka mtu wa kumsoma, msome Julia Margaret Cameron, mpiga picha wa karne ya 19. Alizaliwa Calcutta mwaka 1815, na alikuwa na miaka 48 alipopewa kamera yake ya kwanza, akiishi kisiwa cha Wight huko Uingereza. Banda la kuku lenye vioo aligeuza studio. Mwaka 1867 alimpiga mwanasayansi mzee John Herschel: kofia nyeusi, vazi jeusi, nyuma giza tupu, na nywele nyeupe zimetimka kama zimewaka moto. Mwanga unatoka upande mmoja. Huoni kiti, huoni ukuta, unamwona mzee na macho yake. Mwaka uliofuata alimpiga Alemayehu, mwana wa mfalme Tewodros wa Ethiopia, mtoto wa miaka saba aliyepelekwa Uingereza na jeshi lililoivamia ngome ya baba yake ya Maqdala. Sitakuonyesha uzuri wa picha ile bila kukwambia hayo. Majonzi yaliyo kwenye uso wa mtoto yule hayakuletwa na dirisha.

Turudi Tanga. Kama sebule ni nyeupe na ina madirisha pande mbili, hama. Tafuta chumba chenye dirisha moja, hata kikiwa cha kulala au cha kuwekea magunia. Zima taa zote, pamoja na ya ukumbini inayopenya chini ya mlango. Unataka dirisha lisiloingiza jua lenyewe, liingize mwanga wa anga tu. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia Aprili hadi katikati ya Septemba jua linapita upande wa kaskazini, na dirisha linalotazama kusini halipati jua siku nzima. Novemba hadi Januari mambo yanageuka, tumia linalotazama kaskazini. Ukikosa yote mawili, subiri jua livuke paa, au funga shuka jeupe la pamba kwenye nondo za dirisha. Shuka hilo litakupa mwanga mpana kuliko softboksi uliyonunua.

Kisha tengeneza giza. Giza la picha hizi linatokana na kuuzuia mwanga usirudi, na hapa watu wa pwani tuna kifaa bora ambacho wengine wanakiagiza kwa bei: buibui. Azima mawili meusi kabisa, yasiyo na kung'aa. Moja litundike kwenye kamba nyuma ya bibi, mita mbili hivi kutoka mgongoni kwake. La pili litundike upande wake ulio mbali na dirisha, karibu nusu mita kutoka bega, nje ya fremu. Hili la pili ndilo watu hulisahau. Linameza mwanga ambao ungeruka kutoka ukutani na kujaza kivuli cha shavu. Utaliona likifanya kazi kwa macho yako: liondoe, kivuli kinalegea, lirudishe, shavu linachongeka. Na mkalishe bibi karibu na dirisha, mita moja hivi. Kanuni ya mwanga ni kwamba umbali ukiwa mara mbili, mwanga unabaki robo. Ukiwa mara tatu, unabaki sehemu moja ya tisa. Kwa dirisha kubwa hesabu haiji kamili hivyo, lakini mwenendo ni huo huo. Bibi akiwa jirani na dirisha na pazia la nyuma likiwa mbali, pazia linazama lenyewe.

Bega lake moja lielekee dirishani, na uso augeuze kidogo kuufuata mwanga. Wewe simama na kamera upande ulio mbali na dirisha, ili sehemu ya uso inayokuelekea zaidi iwe yenye kivuli. Sasa tazama shavu la kivulini, chini ya jicho. Ukiona pametokea pembetatu ndogo ya mwanga, umefika. Wapiga picha wanaiita kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 aliyependa kuwachora watu kwa mwanga wa namna hiyo. Pembetatu isipotokea, mwambie bibi ageuke kidogo tena, polepole, mpaka itokee. Usimsogeze kwa kumshika kidevu.

Macho yalipotea kwenye picha yako, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Jicho linakuwa hai likiwa na nukta ya mwanga ndani yake, na nukta hiyo ni taswira ya dirisha. Jicho lisipoliona dirisha, nukta haipo. Kwa mtu wa miaka 80 mara nyingi macho yameingia ndani na kope zimelegea, hivyo mwanga ukitoka juu sana unageuza macho mashimo. Ukitoka chini sana unamtisha mtazamaji. Dirisha linaloanzia chini ya usawa wa kifua lizibe sehemu ya chini kwa blanketi, na acha lililobaki liwe kuanzia usawa wa macho yake kwenda juu. Mwekee mapajani kitambaa cheupe, nje ya fremu, kimrudishie mwanga kidogo chini ya nyusi. Kama anavaa miwani kila siku, aivae. Inyanyue kidogo mikono ya miwani nyuma ya masikio, vioo viiname chini, na ule weupe wa dirisha utatoka kwenye vioo.

Sasa ngozi. Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, na ni urithi wa zamani. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, ile iliyoitwa kadi ya Shirley, na ngozi zetu zikatoka vyovyote zitakavyotoka. Ngozi nyeupe inaonyesha umbo lake kwa tofauti ya mwanga na kivuli. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao: mstari wa mwanga juu ya mfupa wa shavu, ukingo wa pua, juu ya midomo, kwenye paji la uso. Kwa hiyo kazi yako ni kuupanga mng'ao. Chanzo kidogo kama flashi tupu kinatoa mng'ao mdogo wenye ukali, unaoonekana kama jasho. Dirisha pana linatoa mng'ao mpana uliolala, na uso unaonekana kama umbo la mpingo lililochongwa na mtu anayejua. Ukiona mng'ao haupo shavuni, usiongeze mwanga. Msogeze bibi mbele au nyuma kidogo ya dirisha mpaka taswira ya dirisha itue shavuni, kama unavyotafuta mwanga kwenye sinia. Paji likizidi kung'aa, lifute kwa tishu. Shavu likiwa kavu na limefanya weupe, tone la mafuta ya nazi linatosha. Poda iliyo nyepesi kuliko ngozi yake ikatae kwa adabu, hata kama shangazi ameileta.

Mipangilio ya kamera haina ugumu. Weka yote kwa mkono wako: anza na f/2.8 (upana wa tundu la lenzi), shata 1/125 (sehemu ya sekunde), ISO 800 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na urekebishe kutoka hapo. Usiifungue lenzi hadi f/1.8, kwa ukaribu huo jicho moja litakuwa kali na la pili limeyeyuka. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Piga kwa RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Ukiiachia kamera iamue yenyewe, itaona fremu imejaa weusi, itadhani imekosea, itaongeza mwanga, na giza lako litageuka kijivu huku shavu likiungua. Pima mwanga kwenye shavu lenye mwanga peke yake, kisha kwa ngozi nyeusi punguza nusu stopu hadi stopu moja chini ya kipimo kinachosema (stopu moja chini ni nusu ya mwanga). Histogramu, ile chati ya kamera yenye giza kushoto na mwanga kulia, italundikana kushoto na hilo ni sawa, ila chembe za mwisho za kulia zisiguse ukingo. Upande wa kivuli ukiwa chini ya upande wa mwanga kwa stopu mbili au mbili na nusu, jicho la kivulini bado linaongea. Ukifika stopu nne, umemkata bibi nusu uso. Na ndugu yako akitaka kujaribu kwa simu, abonyeze shavu lenye mwanga mpaka kipimo kijifunge, kisha ateremshe kile kijua pembeni.

Flashi yako iweke akiba kwa siku ya mvua. Ukiitumia, usiielekeze kwa bibi wala darini. Igeuze kichwa chake kabisa upande, kwenye ukuta mweupe ulio karibu au shuka uliyolitundika, na ukuta huo utakuwa dirisha lako. Buibui la upande wa pili libaki palepale.

Kuna mazungumzo unapaswa kufanya na bibi kabla hujatundika chochote, na nakuomba usiyaruke. Miaka iliyopita nilimpiga mzee mmoja, mtu wa heshima, nikajitahidi kuliko nilivyowahi kujitahidi. Nikampelekea picha ya kahawia iliyozama gizani, nimeitia fremu. Akaitazama muda mrefu, akaniuliza kwa upole, "Hii ni ya matanga yangu?" Sikuwa na jibu. Katika nyumba nyingi za kwetu, picha isiyo na rangi iliyotundikwa ukutani ni ya aliyetangulia mbele ya haki. Mzee alijiona yuko upande ule. Tangu siku hiyo namwonyesha mtu picha ya mfano, namweleza giza ni la nini, na namwuliza. Akisema hataki, nampiga kwa rangi na dirisha lile lile, na inatoka nzuri vilevile. Wewe fanya yote mawili katika kikao kimoja: piga kwa rangi, kwa sababu faili ni la rangi hata hivyo, umpe bibi nakala zote mbili achague mwenyewe ipi ikae sebuleni.

Kahawia ina deni jingine hapa pwani. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za Unguja ziliuza postikadi kwa wasafiri wa meli: wanawake wamepangwa na kanga zao na mitungi, chini yameandikwa maneno ya jumla kama "mwanamke wa Kiswahili", jina la mtu halipo. Zipo nzuri sana kwa macho, na bado naumia nikizitazama. Baadaye wenyeji wenyewe wakaanza kuingia studio na fedha zao na kusema wanataka waonekane vipi. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Unguja mwaka 1930. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, N. V. Parekh aliwapiga mabibi harusi, marafiki na vijana wa mjini kwa taa zilizopangwa kama za nyota wa sinema, kila mtu na mkao wake na fahari yake. Bibi yako atoke kwenye ukoo huo wa pili. Usimtafutie mkeka na kinu kama maisha yake alikuwa mwalimu au muuza vitambaa. Avae anachovaa siku anayojipenda. Nyuma ya picha andika jina lake kamili, mahali na tarehe, kwa penseli laini.

Kuhusu mavazi nina ombi moja la kifundi: ushungi mweupe utanyakua mwanga wote na uso utaonekana mdogo, kwa hiyo mshawishi avae wa rangi iliyokolea. Kanga yenye maua makubwa itapiga kelele zaidi ikishapoteza rangi kuliko ilivyo sasa.

Siku yenyewe, asubuhi baada ya chai, mzee akiwa hajachoka. Dakika ishirini zinatosha. Fremu za kwanza kumi usizitegemee, bado anakutazama wewe na kamera. Mwulize habari za mtu aliyempenda sana utotoni, kisha nyamaza, na upige wakati anapomaliza kusema. Uso hutulia kwa namna ambayo huwezi kuiomba.

Sasa unaweza kukaa kwenye kompyuta. Hatua ya kwanza ni kuigeuza nyeusi na nyeupe vizuri, ukisahau kahawia kabisa. Kwenye Lightroom au programu yoyote yenye mchanganyiko wa rangi kwa nyeusi na nyeupe, utaona vidhibiti vya nyekundu, chungwa, njano na kuendelea. Ngozi yetu inarudisha nyekundu na chungwa nyingi kuliko buluu. Ukipandisha chungwa, uso unafunguka na madoa yanapungua. Ukiishusha, ngozi inakolea na kila mkunjo unasimama. Cheza na chungwa kabla ya nyekundu, kwani nyekundu ikipanda sana midomo inapauka na kuyeyuka usoni, na kama kanga ni nyekundu itawaka. Buluu usiitegemee, huko ndiko chembechembe nyingi hukaa, hasa ukipiga kwa mwanga wa taa ya mafuta. Usilainishe ngozi. Mikunjo ya miaka 80 ndiyo familia imekuja kuitazama.

Picha ikisimama yenyewe ikiwa nyeusi na nyeupe, ndipo kahawia inaingia, na iingie kama ilivyoingia kwenye beseni: nyepesi kwanza. Kwenye sehemu ya kupaka rangi, weka sehemu nyepesi kwenye nyuzi 40 hadi 45 za duara la rangi, ukolezo 10 hadi 14. Sehemu za kati nyuzi 35, ukolezo kama 8. Vivuli nyuzi 30, ukolezo 3 au sifuri kabisa. Utaona ni kidogo, utatamani kuongeza. Ondoka, unywe maji, rudi baada ya robo saa. Jicho hulizoea joto la rangi haraka na kukudanganya, kama ulimi ulioonja sukari. Kipimo changu ni weupe wa jicho: ukiwa bado naweza kuuita weupe, kahawia imetosha. Kama picha ilikuwa dhaifu kabla ya kahawia, rudi dirishani ukapige tena, hakuna namba itakayoiokoa.

Usiende kusafisha picha kubwa moja kwa moja. Kioo cha kompyuta kinawaka chenyewe, karatasi haiwaki, na picha yenye giza ndiyo inayoadhibiwa zaidi: unachokiona kama kivuli chenye undani kinatoka kwenye karatasi kama lami. Punguza mwanga wa kioo chako, kisha toa nakala tatu za inchi 5 kwa 7: moja kama ilivyo, moja imeongezwa nusu stopu, moja stopu nzima. Nenda nazo nyumbani kwa bibi jioni, uzishike ukutani pale pale itakapokaa, taa ya sebuleni ikiwa imewashwa. Mara nyingi ile ya kati ndiyo inayoshinda, na mara nyingi pia utagundua mashine ya maabara imeipeleka kahawia yako kwenye wekundu au ukijani. Warudishie na uwaambie wasiirekebishe rangi wenyewe. Omba karatasi ya mati, isiyong'aa. Weusi wake hauzami kama wa glosi, lakini picha ya giza kwenye glosi na nyuma ya kioo inakuwa kioo cha kujitazamia. Usiitundike mkabala na dirisha wala mkabala na mlango ulio wazi. Itafute ukuta wa ubavuni, jua lisikoifikia, umbali wa kidole kutoka ukutani ili unyevu wa bahari upite nyuma yake, na usawa wa macho ya mtu aliyekaa, kwa kuwa bibi atakuwa anaitazama akiwa kitini.